Mwenza Namba Saba

Mwenza alikuwa amezungukwa na watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumnyang'anya mpira. Aliusukuma kwa unyayo, akauvuta nyuma, akaupitisha katikati ya miguu ya msichana mmoja mwenye nywele za mabutu, kisha akajiangusha makusudi ili watoto wapate kumrukia na kumlalia wakicheka. Alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka kumi na mmoja. Miguu yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni, ngozi yake ya mpira wa kijivu, na usoni hakuwa na kitu zaidi ya macho mawili ya kioo. Mgongoni alikuwa na namba saba.

Miaka hiyo, kila klabu ya watoto iliyojiweza jijini Mbeya ilikuwa na mwenza wake. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mtoto mdogo hujifunza mpira haraka zaidi kwa kumwiga mtoto aliyemzidi kidogo kuliko kwa kumsikiliza mtu mzima. Basi wakaunda mashine ya kimo cha mtoto, na ndani yake wakatia kile walichokiita nyendo: mikimbio, chenga na mapigo ya watoto wa kweli, yaliyonaswa na mavazi-hisi waliyovaa mazoezini, toka soksi hadi glavu. Nyendo hizo zilichanganywa, zikazaa mchezaji mmoja asiyechoka, asiyenuna, asiyemsukuma mwenzake kwa hasira.

Sekela aliyajua hayo. Alikuwa mhandisi katika mitambo ya mvuke wa ardhini kule mlima Ngozi, na mashine hazikumtisha. Kilichomsumbua asubuhi hiyo ya Jumamosi ni kuchagua. Yeye na mumewe, Ambakisye, walikuwa wamezunguka na binti yao Tupoki tangu kulipokucha, wakitafuta klabu ya kumwandikisha. Mtoto alikuwa ametimiza miaka sita na alikuwa amevunja vikombe vya kutosha kwa mpira pale nyumbani.

Klabu ya kwanza, mtaa wa Forest, ilikuwa na spika kubwa iliyomtangazia kila mtoto alama zake mbele ya wazazi, na Tupoki alijificha nyuma ya gauni la mama yake mpaka walipoondoka. Ya pili, Uyole, haikuwa na mwenza kabisa. Ilikuwa na mwanamke mmoja, Kocha Bupe, mwenye filimbi shingoni na magoti yaliyokwisha, na kundi la watoto waliokuwa wakiukimbilia mpira wote kwa pamoja. Ambakisye alitazama kidogo, akasema hapo mtoto atajifunza kula vumbi tu.

Lakini hapa, chini ya mlima Loleza, Tupoki mwenyewe, bila kuambiwa, aliuachia mkono wa mama yake, akaingia uwanjani.

"Tumefika," Ambakisye alisema, akitabasamu. "Hapa ndipo."

Ndipo mwenza alipoupokea mpira upande wa kushoto wa goli. Kabla ya kupiga, aliruka mara mbili kwa mguu wa kulia, vihatua vidogo vya mtu mwenye kijiwe kiatuni, kisha akapiga kwa kushoto. Mpira ukaingia. Mwenza akageuka, akakimbia kinyumenyume, na kiganja chake kikapanda kufunika mahali ambapo mtu angekuwa na mdomo.

Sekela alishika nguzo ya uzio.

Miaka minne nyuma, walipokuwa wakiishi Tukuyu, walikuwa na mtoto mwingine. Aliitwa Lusajo. Akiwa na miaka saba alikanyaga msumari kwa mguu wa kushoto, na kwa wiki kadhaa akawa anarukaruka kwa mguu mmoja kila anapotaka kupiga mpira. Kidonda kilipona, lakini ule mruko haukuondoka, na makocha walimkemea mpaka wakachoka. Baadaye alianguka bombani akavunjika jino la mbele. Tangu siku hiyo hakucheka tena bila kuziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipotoka mazoezini akilalamika kwamba shingo inamuuma. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamemzika. Wakahama Tukuyu. Mjini Mbeya hakuna aliyewajua, na watu wakawaita Mama Tupoki na Baba Tupoki, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Sasa mashine isiyo na mdomo ilikuwa inaficha jino.

"Baba Tupoki," Sekela aliita kwa sauti ndogo. "Umeona?"

"Nimeona nini?" Ambakisye alijibu. Lakini alikuwa ameshavua kofia, na hakuwa akimtazama mkewe.

Kocha wa klabu ile, Mwangoka, alikuwa kijana mpole mwenye kupenda kueleza. Aliwakaribisha ofisini, akawapa viti, na Sekela alipomuuliza nyendo za mwenza wake zimetoka wapi, akajibu bila kuficha.

"Zinanunuliwa kutoka klabu mbalimbali, mama, na zinakuja bila majina. Kwa kawaida wanachanganya watoto wengi sana, usimtambue yeyote. Ila huyu wetu, Saba, ana hadithi yake. Waundaji walituambia kulikuwa na mtoto mmoja aliyewazidi wenzake mno. Kila walipojaribu kumchanganya na wengine aliharibika. Mwishowe wakamwacha karibu mzima."

"Karibu mzima," Sekela alirudia.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana watoto wanampenda hivi."

"Huyo ni mwanangu," Sekela alisema. "Alikuwa akichezea klabu ya Tukuyu, akivaa mavazi hayo. Amefariki."

Nje watoto walipiga kelele za goli. Mwangoka aliinuka akafunga dirisha, na aliposema sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Poleni sana, wazazi wangu. Sikujua. Naapa sikujua." Akarudi kuketi. "Sheria iko wazi. Nyendo ni mali ya mtoto, na kama hayupo, ni za wazazi wake. Mkitaka zifutwe, zinafutwa siku hiyo hiyo. Lakini mseme wote wawili. Na zikishafutwa hazirudi, kwa sababu waundaji hawaruhusiwi kuweka nakala."

Ambakisye alisimama. "Hakuna anayefuta kitu," alisema, akatoka nje.

Njiani kurudi nyumbani Tupoki ndiye aliyeongea safari nzima: Saba kafanya hivi, Saba kaanguka vile, Saba kampa pasi yeye peke yake.

Walipokwisha kula, mtoto akatoka kucheza uani, na Sekela akaanza kukusanya sahani. Ambakisye akamshika mkono.

"Tumwandikishe pale, Mama Lusajo."

Hakuwa amemwita hivyo tangu Tukuyu. Sekela aliziweka sahani chini.

"Hayupo pale," alisema.

"Najua hayupo. Sijarukwa na akili. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wa watu kila siku." Ambakisye alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini nilikuwa nimeanza kumsahau. Sura ninayo pale ukutani. Sauti ninayo kwenye simu. Lakini anavyotembea... Nilikuwa nimesahau anavyotembea, na sikujua kwamba nimesahau mpaka leo. Niache nimwone."

Sekela alikubali, kwa sababu na yeye alikuwa akitaka vivyo hivyo.

Basi Tupoki akaanza kwenda Loleza kwa majaribio, na Ambakisye akawa ndiye anayempeleka. Alitoka shuleni mapema, akasimama penye uzio, wala hakumtazama binti yake. Sekela alilijua hilo kwa sababu siku moja alitoroka kazini mchana, akapanda kiberenge cha waya kilichopita juu ya mji, akaenda kusimama upande wa pili wa uwanja ule ule. Alimwona mumewe ng'ambo. Mume hakumwona. Wote wawili walikuwa wanaitazama ile mashine, na katikati yao Tupoki alifunga goli, akageuka kumtafuta baba yake, akanyoosha mikono juu na kusubiri. Baba yake hakuona. Mtoto aliishusha mikono taratibu.

Jioni hiyo Sekela alimkuta Tupoki uani akipiga mpira ukutani. Kabla ya kila pigo mtoto aliruka mara mbili kwa mguu wa kulia. Mpira ulipogonga alama aliyoichora, akageuka, akakimbia kinyumenyume, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Tupoki! Njoo hapa, mama."

Mtoto alikuja, kiganja bado kipo mdomoni.

"Kwa nini unaziba mdomo?"

"Ndivyo mtu anavyocheka akifunga."

"Nani kasema?"

"Saba."

Sekela alipiga magoti kwenye saruji, akakishika kile kiganja kidogo na kukiondoa. Meno yote yalikuwapo, madogo na meupe.

"Wewe huna cha kuficha," alisema. "Cheka nikuone."

Tupoki alijaribu kucheka lakini hakuweza, kwa sababu mama yake alikuwa analia.

Ambakisye aliporudi kutoka dukani alimkuta Sekela bado amekaa pale chini. Alimsikiliza bila kumkatiza. Sekela alipomaliza, yeye akasema tu, "Watoto huiga, ni kawaida yao."

"Wanaiga, ndiyo. Baba Lusajo, nisikilize. Huyu ana miaka sita. Akifika kumi na mmoja atakuwa rika moja na yule. Akifika kumi na miwili atamwacha nyuma, na yule atabaki pale na watoto wadogo, anaruka vile vile, anaziba mdomo vile vile. Siku hiyo utakuwa unamtazama nani?"

"Unataka nimzike tena."

"Nataka umwone huyu. Leo alifunga goli, akakutafuta. Nilikuwapo. Nilimwona akikutafuta."

Ambakisye aligeuka akaingia ndani. Siku kadhaa zikapita wakiishi kama wapangaji wawili, wakipishana mlangoni na kuulizana habari za chumvi na sabuni. Kisha, mchana wa siku moja ya kazi, Ambakisye akampigia simu kazini. "Nipo Loleza," alisema. "Watoto hawajafika. Njoo."

Sekela alimkuta katikati ya uwanja. Kocha Mwangoka alisimama kando, mikono nyuma. Mwenza alikuwa mbali, karibu na kibendera cha kona, akipiga danadana peke yake kama alivyopangiwa kufanya kabla ya mazoezi.

"Nimemwambia kocha anipe nafasi," Ambakisye alisema. "Nataka kumwita mara moja tu." Akajaza kifua hewa. "Lusajo!"

Mwenza aliendelea na danadana zake.

"Saju! Saju, baba!" Hilo lilikuwa jina la nyumbani, ambalo yule mtoto alikuwa akilisikia hata akiwa mtaa wa pili. "Saju!"

Mpira ulidunda gotini, ukadunda mguuni. Ambakisye aliita mpaka sauti ikakwaruza. Mwangoka hakuweza kuvumilia tena, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Saba."

Mwenza aliuacha mpira palepale. Alikuja mbio, na mbio zile zilikuwa za Lusajo zenyewe, bega la kushoto likitangulia, viwiko nje, hata Sekela akajikuta amenyoosha mikono kumpokea. Mwenza alisimama mbele ya Ambakisye, akamwinulia macho yale ya kioo, akasubiri kupewa pasi. Ambakisye hakuwa na mpira. Mwenza akasubiri. Angeweza kusubiri hivyo mpaka jua lizame, kwa sababu hakuna kitu kingine alichokuwa anakitaka kutoka kwa mtu yule.

Ambakisye aliweka mkono juu ya kichwa chake cha kijivu, akauacha hapo.

"Futeni," alisema.

Mwangoka alimgeukia Sekela. Ni Sekela aliyelitaka neno hilo tangu jioni ile ya uani, alikuwa amelibeba siku zote zile, na sasa alimtazama kwanza mwenza, toka kichwani hadi miguuni. Mumewe alimngoja bila kumhimiza.

"Futeni," naye akasema.

Haikuchukua muda. Kocha aligusa kitu mgongoni mwa mwenza, chini ya ile namba, akasema maneno machache kwa waundaji kupitia simu. Mwenza aliinamisha kichwa kidogo, akakiinua tena. Mwangoka akamtupia mpira. Aliupokea vizuri, akaupiga kwa mguu wa kulia moja kwa moja golini, akasimama wima na mikono yake pembeni.

"Watoto watamlilia," Mwangoka alisema, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu.

Tupoki alilia kwa siku mbili. Walimwambia kwamba Saba amehama. Kisha wakamketisha chini ya picha ya ukutani, wakamweleza juu ya kaka yake kwa kirefu, kwa mara ya kwanza, na hapo akalia kwa jambo jingine, ingawa hakuweza kulisema.

Jumamosi iliyofuata walimpeleka Uyole, kwa Kocha Bupe. Alipewa jezi iliyomfika magotini. Alikimbia na wenzake wote nyuma ya mpira mmoja, akaanguka, akala vumbi, akaamka. Mara ya kwanza mpira ulipomfikia aliupiga kwa ncha ya kidole gumba, ukatoka nje, na akageuka kuwatafuta wazazi wake. Ambakisye alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa nguvu.

Kisha akarudi kuketi kwenye nyasi kando ya Sekela. Walikaa mabega yakigusana, wakiwatazama watoto.

"Angekuwa na miaka kumi na mitano sasa," Ambakisye alisema.

Sekela aliitikia kwa kichwa.

"Angekuwa ameshanipita urefu. Ukoo wenu ni wa watu warefu." Akang'oa unyasi, akauzungusha vidoleni. "Na sauti ingekuwa nzito. Nadhani angekuwa anaona aibu kusimama na sisi hapa. Angekaa kule mbali, na rafiki zake, anajifanya sisi si wazazi wake."

"Kule," Sekela alisema, akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa uwanja, chini ya mikaratusi, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Wakageuza macho, wakapatazama pamoja.