Mtambo Mpya wa Mzee Kassimu

Ijumaa, saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji ya Athumani, Same mjini. Kilinuka oili na woga. Loth alichora duka la vito la Mzee Kassimu sakafuni kwa chaki.

"Kompyuta ya mzee ikoje?"

"Ukiiwasha, kwanza inakohoa," alisema Elinaza, fundi aliyeitibu miaka minane. "Kuku alishatagia juu yake. Mayai yakaiva."

Athumani alicheka. Loth hakucheka.

"Ndiyo inayoendesha kamera na king'ora," Elinaza aliendelea. "Leo naing'oa, nafunga mpya. Mzee atakuwa msikitini. Kuanzia saa saba na dakika tano, nusu saa nzima, duka halina jicho."

"Mpya usiiwashe."

"Siiwashi, kaka."

Loth alitoka gerezani miezi minne iliyopita. Akikamatwa tena na silaha, miaka thelathini. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Gonja, na manesi walishaacha kumdanganya kuwa atapona. Rubi za mzee ziuzwe leo, kesho awe kando ya kitanda.

Saa 7:05 mchana.

Agatha wa kaunta alikuwa ameenda kula. Elinaza akachomoa waya wa ile kuukuu. Ikakoroma, ikafa.

Saa 7:15.

Mpya ilikuwa imefungwa. Miaka minane alifufua mizoga kwa bisibisi na maombi. Hakuna duka lililowahi kumpa kitu kipya mkononi. Dakika moja tu, aone.

Akaiwasha. Picha ikaja safi, unaona hadi nzi akinawa mikono. Akaweka namba ya simu ya mzee. Akaunganisha king'ora. Kazi ya fundi haiachwi nusu. Kisha akachomoa waya, kama alivyozima kompyuta maisha yake yote. Kioo kikawa giza.

Saa 7:20.

Loth aliingia uso wazi, panga ndani ya koti.

"Imezimwa?"

"Imekufa."

Droo ikavunjwa. Kifuko cha rubi kikaingia mkononi. King'ora kikalia. Kililia hadi nyani wa milimani wakatupa mahindi ya watu wakakimbia.

"Nimechomoa!" Elinaza alipunga waya. "Huu hapa!"

"Basi nini kinalia?"

Fundi alipapasa chini ya meza. Kisanduku cheusi, taa ya kijani.

"Ina betri yake."

"Zima!"

"Inataka kidole cha mzee. Alikisajili alipoinunua."

Nje, gari la Athumani, lililongoja kuwatorosha, lilinguruma. Loth akapumua. Mngurumo ukaelekea barabara ya Moshi, bila wao. Bodaboda walikuwa wanakuja na fimbo.

Panga likagusa shingo ya Elinaza.

"Umeniuza."

"Sijakuuza. Nilijaribu tu."

"Nilikwambia usiiwashe!"

"Ilikuwa mpya, kaka."

Loth akatazama juu, kwenye kamera.

"Hata sasa inaniona?"

"Hadi jasho."

Panga likaanguka. Jiwe la kwanza likagonga mlango. Loth akakaa chini, kifuko mapajani.

"Nani atamwambia mama?"

Mlango ukapasuka.