Wangapi Hawajarudi?

Kila jioni, nyumbani kwao nje kidogo ya mji wa Mwingi, Kathini wa Gredi ya Saba aliteka maji, akafagia ua, kisha akamsaidia mdogo wake Musembi kazi ya ziada ya Hesabu. Msaada wenyewe ulikuwa wa haraka haraka. Musembi akikwama tu, Kathini alimtajia jibu, halafu huyo, mbio kwenda kucheza mchezo wa kati na wenzake.

Jumatatu moja Musembi alirudi macho mekundu. Mwalimu Bushra alikuwa amemwita ubaoni, naye akashindwa hesabu ya kutoa, darasa likamcheka.

"Mimi siendi shule tena," alisema. "Kesho ataniita tena."

Kathini aliona aibu, kwani alijua fika kosa lilikuwa la nani. Siku hiyo hakwenda kucheza. Alimpeleka mdogo wake zizini, mbuzi wakiingia kutoka malishoni.

"Haya, hesabu mbuzi."

Musembi alinyoosha kidole. "Mmoja, wawili…"

"Wee! Shusha hicho kidole!" alifoka Susu, nyanya yao. "Mifugo haihesabiwi hivyo. Mnataka iishe?"

"Sasa Susu, unajuaje kama wote wamefika?" Kathini aliuliza.

"Muulize huyo mchungaji wangu wa Jumamosi," Susu alisema, akimtazama Musembi.

Musembi alitazama zizini mara moja tu. "Wawili hawajarudi. Yule mweusi na mtoto wake."

Kweli, walikuwa bado nje wakitafuna ua wa jirani. Kathini alicheka kwa furaha. Kumbe kijana anajua kutoa! Alichota ndengu kwenye ungo wa Susu, maana ndengu hazina mwiko.

"Mbuzi tisa walienda malishoni. Sita wamerudi. Wangapi hawajarudi?"

Musembi alizisogeza ndengu polepole. Kathini alitamani sana kutaja jibu, akajiuma midomo.

"Watatu!"

Waliendelea hivyo hadi Susu akadai ndengu zake azipike.

Kesho yake Musembi alirudi mbio, begi likimpiga mgongoni. "Kathini! Niliitwa ubaoni! Kumi na tatu kutoa tano. Nikasema nane hawajarudi!"

"Na mwalimu?"

"Akauliza ni akina nani hao. Nikamwambia ni mbuzi. Wote wakanipigia makofi!"

Kathini alijaa fahari hadi machozi yakamlengalenga. Susu aliwatazama wote wawili, akatabasamu.

"Mjukuu wangu," alimwambia Kathini, "ulipokuwa ukimpa majibu, yalibaki kuwa yako. Jana ulimpa muda wako, na leo jibu ni lake mwenyewe. Najivunia nyinyi wawili. Sasa nirudishieni ndengu zangu, nyingine bado hazijarudi."