Mikono ya Mama Mutindi

Jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima vya Kathiani nilipotoka na bakuli la kachumbari kumpelekea jirani yetu Kaloki. Alikuwa ameanguka tena. Povu mdomoni, macho juu, miguu ikipiga vumbi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999, na Kaloki alikuwa mtu wa saba. Sote tulijua ni uchawi. Kila aliyeanguka alisema yaleyale: kwanza ananusa nywele zikiungua, kisha anamwona mwanamke mlangoni, ameshika bakuli...

Mganga Muli ndiye aliyetupa kinga. Chakula cha matanga na harusi kipikwe na mwanamke mmoja tu, asiye na kinyongo na mtu, naye aonje kwanza mbele ya wote. Walinichagua mimi, niliyekuwa nikisaidia kupika kwenye shughuli hizo tangu zamani. Niliringa, sikatai. Miaka miwili nikakata nyanya, vitunguu na dhania kwa mikono hii, nikaonja, nikapakua.

Na watu wakazidi kuanguka.

Kwa Kaloki nilimkuta Wanja, nesi wa zahanati, amechuchumaa kando ya mkeka. Alilitazama bakuli langu, kisha akaninong'oneza.

"Mama Mutindi, kuja hapa nje."

Tukasimama kando ya ghala la mahindi.

"Ulishawahi kula nguruwe yenye iko na punje nyeupe kwa nyama?"

Nilikumbuka. Krismasi ya mwaka wa tisini na nne. Punje kama mchele. Marehemu mume wangu alisema ni mafuta tu.

"Na kwa choo... unaona kitu nyeupe, bapa, inatembea?"

Niliona aibu. Nilikuwa nikiiona kila wiki. Sikumwambia mtu. Nilidhani nimerogwa, na ningesema, nani angenipa mwiko tena?

"Hiyo ni minyoo," akasema Wanja. "Mayai yake inabaki kwa mikono. Mtu akikula kachumbari yako, inaingia, inafika kwa ubongo. Ndiyo hii kuanguka. Wewe iko dawa, utapona. Lakini wenye imewafika kwa kichwa..."

Akageuka kuutazama mlango wa Kaloki.

"Na yule mwanamke wanayemwona?" nikauliza.

"Huyo sijui, mama."

Nilimwaga kachumbari kwenye shimo la taka, nikakimbia nyumbani nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Mutindi wangu alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemkataza kula kwa mtu yeyote. Tangu uchawi uanze, hakuwa amelishwa na mkono mwingine ila wangu.

Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, akisugua pua.

"Mama, nani anachoma nywele?"

Jiko lilikuwa baridi. Hakukuwa na moto.

Nilisimama pale mlangoni, bakuli tupu bado mkononi. Mutindi akainua uso. Akaanza kurudi nyuma, polepole, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Mutindi..."

Alinitazama usoni kabisa, akaita kwa sauti ndogo.

"Mama... Mama, kuja. Ule mwanamke amefika."

Macho yake yakapanda juu. Bakuli likanidondoka. Nilinyoosha mikono nimdake, nikaiona, nikairudisha.

Akaanguka peke yake.