Walisema Nimemfungia Mwanangu Ndani ya Kinanda

Nina umri wa miaka arobaini na moja. Nauza mitumba sokoni Kyela mjini, na akili zangu ni timamu. Watu wakiwa mbele yangu wananiita Mama Bupe. Nikiwapa mgongo wananiita mchawi...

Wapenzi wasomaji, msinihurumie. Huruma nimeshapewa na watu walewale walionifukuza, na sina pa kuiweka. Nataka mnisikilize tu, halafu kila mmoja ajiulize: siku ile mimi ningekuwa upande gani?

Nilipomaliza shule ya msingi nilipata kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifundisha wauguzi. Sebuleni kwake kulikuwa na kinanda ambacho mpaka leo sijaona kingine cha aina yake. Kwa nje kilifanana na vinanda vya kanisani, lakini hakikuwa na sauti yake chenyewe. Sauti zilikuwa kwenye sahani za plastiki, pana na nyembamba, zinazopitisha mwanga kama kioo, zimechorwa mistari myeusi iliyozunguka. Unaiingiza sahani mdomoni mwa kinanda, inaanza kuzunguka, taa ndogo ndani inaimulika ile mistari, na mwanga unageuka kuwa muziki!

Wala haukuwa muziki wa kubuni. Walikuwa watu halisi, waliopiga ngoma zao na magitaa yao huko kwao miaka mingi nyuma, sauti zao zikachorwa kwenye ile plastiki. Ukibonyeza kwa kidole kimoja, bendi nzima inakuitikia. Mama yule alinifundisha kukipiga, na alipomaliza mkataba wake akaniachia kinanda na sahani zake zote. Nililia kwa furaha. Laiti ningejua...

Nikaolewa na Ambakisye, karani wa shirika moja la umma. Alikuwa mtanashati, shati limepigwa pasi, maneno matamu. Tukajaliwa Bupe, binti, na baadaye Lusajo, mtoto wa kiume. Maisha hayakuwa mabaya.

Zikaja enzi za ruksa. Madukani vitu vikajaa, redio kaseti kila kona, mitumba mpaka barabarani. Na mashirika yakaanza kupunguza watu. Ambakisye alirudi nyumbani mchana mmoja na barua mfukoni, akakaa kitandani na viatu miguuni. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyelisha nyumba ile. Nilipiga kinanda kwenye harusi, kwenye vipaimara, kwenye sherehe za wafanyabiashara. Watu walizunguka nyuma ya kinanda kutafuta wanamuziki wamejificha wapi!

Mume wangu akajipa cheo cha meneja. Kazi yake ilikuwa kubeba, kuchomeka waya na kuweka sahani. Na hapo ndipo nilipomwambia siri moja, nikiwa kitandani kwangu, nikiwa mke anayempenda mumewe. Nilimwambia sahani zile zina uso na mgongo. Ukiziingiza kichwa chini, muziki unarudi kinyumenyume, na sauti inayotoka si ya kusikiliza. Ndiyo maana kwenye uso wa kila sahani nimeweka tone la rangi nyekundu ya kucha. Nyekundu iangalie juu, basi.

Alicheka, akasema mke wangu wewe mjanja. Siri hiyo hakuwa nayo mtu mwingine yeyote Kyela nzima.

Kisha Lusajo akafa. Homa ilimshika asubuhi, na tulipofika hospitali alikuwa amelegea tayari... Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika kiti cha kinanda. Sitaandika zaidi ya hapo.

Niliacha kupiga kwa muda. Aliyekuwa akija kunifariji kila siku ni Sekela, shoga yangu wa kwaya, mwenye sauti ya kwanza, niliyemfundisha hata kubonyeza kinanda. Alinifulia, alinipikia ndizi, alimsuka Bupe nywele. Nilimwona kama ndugu wa tumbo moja. Kumbe mwenzangu alikuwa anapima kitanda changu! Hivi ninyi mnaoiba waume za watu, huwa mnaanzia jikoni kila mara?

Siku ya ibada ya mavuno kanisa lilijaa pomoni. Magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, kakao kwenye vikapu, vyote mbele ya madhabahu. Mchungaji aliniomba nirudi kupiga. Watu walinipigia makofi nilipokaa, na mama mkwe wangu, aliyetoka Makwale kwa ajili ya sikukuu hiyo, alikaa mstari wa mbele amempakata Bupe.

Ambakisye aliweka sahani kama kawaida yake. Ilikuwa sahani ya kodiani, laini, niliyoipenda kuliko zote. Nikabonyeza.

Mungu wangu!

Kilichotoka kilikuwa kilio. Pumzi zilivutwa kwa ndani, zikakwama, zikavutwa tena, kama mtoto mwenye kwikwi aliyelia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilijua papo hapo: sahani imegeuzwa. Nikanyoosha mkono niichomoe niwaonyeshe, na Ambakisye akaurukia waya, akaung'oa ukutani, akapiga magoti mbele ya watu na kulia kwa sauti kubwa.

"Lusajo! Ni mwanangu Lusajo! Amemfungia humo!"

Mama mkwe alisimama, akapiga yowe. "Ee Kyala! Ee Mungu! Mjukuu wangu! Gwe mwanamke, umemfanya nini mjukuu wangu?"

Jamani, mmewahi kuona watu mnaoimba nao wakiwageuka kwa wakati mmoja? Wanawake niliokuwa nashona nao sare za kwaya walinishika mikono na kunikokota nje. Nilipiga kelele kwamba ni sahani tu, igeuzeni, igeuzeni! Hakuna aliyejua nasema nini. Walidhani naita mashetani yangu. Walinipiga kwa madongo ya udongo mpaka nje ya uzio, na wengine mnaosoma gazeti hili mlikuwepo. Mnajijua.

Jioni hiyo ukoo wa mume ulikaa kikao. Niliomba kinanda kiletwe niwaonyeshe mbele ya wote. Ambakisye akasema amekwisha kukichoma moto, hawezi kulala nacho nyumba moja. Akawapeleka nyuma ya choo na kuwaonyesha rundo la majivu. Wazee wakatikisa vichwa, wakampa pole. Bupe alikuwa na miaka sita. Walimpeleka Makwale kwa bibi yake, nami nikaamriwa nisikanyage huko.

Nilirudi kwa mama yangu, kijijini Katumba Songwe, na kanga niliyovaa. Mama alinipokea, lakini majirani walianza kuwaita watoto wao ndani nikipita njiani.

Nikajaribu biashara. Nilipika wali na usipa, wale dagaa wa ziwani, nikauza stendi. Siku ya kwanza sufuria ilikwisha. Siku ya pili mtu mmoja akanitambua, akatema alichokuwa nacho mdomoni. Siku ya tatu nilirudi na sufuria imejaa. Nikajaribu maandazi, nikajaribu togwa... Nani atakula mkono wa mchawi? Ndipo nikaingia kwenye mitumba. Ajabu, suruali zangu walizinunua na kuzivaa! Kumbe uchawi hauingii kwenye nguo za Ulaya. Wanafiki wakubwa.

Siku moja, nikiwa nafungua robota, nilimwona Bupe kwa mbali na sare ya shule. Nilimwita. Aligeuka, akaniona, akakimbia kuvuka barabara bila hata kuangalia magari. Mwanangu niliyemzaa alikimbia mbele ya gari ili asikaribie kwangu. Nilikaa chini kwenye robota langu na sikuuza kitu siku ile.

Baadaye Mzee Salum, muuza redio wa pale mjini ambaye babu zake walitoka Pangani, aliniita dukani kwake. Alikuwa ametoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, kununua vifaa.

"Bibie, nisamehe kwa nitakalosema. Kile kinanda chako si kiliungua? Mimi nimekisikia ng'ambo juzi, kinapigwa baa."

Kesho yake nilivuka daraja la Songwe.

Nilikikuta kweli! Kinanda changu, kwenye jukwaa la baa, na Sekela amekaa kwenye kiti changu, kile alichokuwa akikishika Lusajo kusimama. Midomo imepakwa rangi, vidole vyenye pete vinabonyeza pale nilipomfundisha mimi. Na sahani alikuwa anaweka Ambakisye. Nilimtazama alivyofanya. Alitazama tone jekundu kwanza, akaligeuzia juu, ndipo akaingiza. Mtu huyo hakuwahi kukosea sahani hata siku moja.

Aliponiona alinivuta hadi nyuma, penye makreti ya chupa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mpaka nguo zimdondoke, lakini kinywani lilinitoka swali moja. Kwa nini Lusajo? Kama alitaka kinanda angekiiba, kama alitaka Sekela angemchukua. Kwa nini amtumie mtoto wetu aliye kaburini?

Alijibu bila kupepesa macho. "Ningekuacha hivihivi watu wangenisema. Wangesema nimemtupa mke aliyefiwa, anayenilisha." Kisha akatabasamu. "Na sasa nenda kawaambie. Gwe, nani atakuamini? Majivu waliyaona kwa macho yao."

Nilikwenda kuwaambia kweli. Mzee mmoja wa kanisa alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akasema mambo hayo yamepita, mama, usifukue. Yamepita kwa nani? Mimi mtoto wangu alikuwa Makwale anafundishwa kuniogopa!

Ambakisye na Sekela hawakudumu. Taa ya ndani ya kinanda iliungua, sauti ikakatika, wakadhani kimekufa kabisa. Waliachana, na Ambakisye akamuuzia Mzee Salum kinanda pamoja na sahani zake kama chakavu. Mzee wa watu hakukivunja. Alinitumia ujumbe nikachukue kitu changu, na alipoona natafuta cha kumlipa akaniambia nisimuaibishe. Nilinunua balbu ndogo ya pikipiki, nikaifunga mwenyewe. Kikaimba.

Sekela naye alirudi Kyela, akatubu mbele ya kanisa kwa kuishi na mume wa mtu. Sikusikia akitubu habari ya sahani. Walimsamehe kabla hajamaliza kulia, na leo anaimba sauti ya kwanza, na kwenye misiba ndiye anayepakua wali. Mkono wake unaliwa!

Mwaka jana mama mkwe alifariki. Aliondoka duniani akiamini nilimfungia mjukuu wake ndani ya boksi la mbao. Bupe alikuwa amemaliza darasa la saba, baba yake yuko ng'ambo na mwanamke mwingine, na kwenye ukoo ule hakuna aliyemtaka. Walimleta kwangu na furushi lake, wakamwacha barabarani, hawakufika mlangoni. Mchawi ghafla akafaa kulea!

Hakunipa mkono. Alisimama uani. Sikumlazimisha kitu. Nilikitoa kinanda nje, nikakichomeka, nikamwekea ile sahani ya kodiani mikononi. Nikamwambia aingize, nyekundu juu. Ikapiga vizuri. Nikamwambia sasa ageuze mwenyewe, mimi siigusi. Akaigeuza, akaingiza.

Kilio kilekile kikatoka. Alirudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. Kisha akakaribia, akaichomoa, akaigeuza tena, akasikia kodiani. Akageuza. Akageuza tena. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu huku machozi yakimtiririka, mwisho akasema kwa sauti ndogo sana, "Kumbe ni hivi tu, mama?"

Ni hivi tu. Ingetosha mtu mmoja kanisani aigeuze sahani. Mmoja tu!

Nilimkumbatia, naye akakubali. Nikakimbilia jikoni nikapika wali wa mchele wetu wa Kyela na samaki wa ziwani, chakula alichokipenda akiwa mdogo. Nikampakulia sahani ikajaa. Akaishika, akaiangalia, akaiweka chini polepole. "Ndaga, asante mama. Nimeshiba." Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Kesho yake alitoka uani akaokota mawe matatu, akayapanga pembeni mwa jikoni, akabandika kisufuria chake.

Ndugu wasomaji, mimi sina elimu ya kuwafundisha. Ninyi kina mama, chombo kinachowalisha kitunzeni wenyewe, na si kila neno la kitandani ni la kumwambia mtu kwa kuwa tu ana pete yako. Na ninyi mnaokimbilia kuokota madongo mtu anaposingiziwa, nawaomba kwa hasira yangu yote: igeuzeni kwanza! Sikilizeni upande wa pili kabla hamjamnyang'anya mtu mtoto wake. Kuomba radhi baadaye hakutalifuta lile mnaloliweka kwenye moyo wa mtoto.

Bupe ni binti mzuri. Ananisaidia sokoni, ananicheka nikikosea hesabu, jioni anapiga kinanda kuliko nilivyopiga mimi. Anajua mama yake si mchawi, na akisikia mtu ananisema anapigana. Lakini jikoni kwangu kuna mafiga sita. Asubuhi huja kwenye matatu yangu kuomba kijinga cha moto, akawashie ya kwake. Moto wangu anauchukua. Chakula changu bado.