Maganda ya Kamba na Dawa ya Bi Mwanamkisi

Asubuhi hiyo Thuwaiba alikuwa uani akitwanga maganda ya kamba wa baharini. Kinu kilikuwa kile cha kutwangia viungo vya pilau. Baba yake, Bwana Gharib, alitoka chumbani akiwa tayari kwenda shambani. Alisimama, akanusa.

“Thuwaiba, paka wote wa Siyu wamepanga safu ukutani,” alisema. “Ukiolewa leo, hao ndio wageni wako.”

“Waache wangoje, baba. Hii ni dawa ya mama.”

Bwana Gharib hakutania tena. Aliutazama mlango wa chumba alimolala mkewe, kisha akachukua jembe lake akaondoka.

Mkewe, Bi Mwanamkisi, hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Hata hivyo alishikwa na kikohozi kisichoondoka, na madaktari wa Mombasa wakagundua kuwa ana saratani ya mapafu. Walianza kumtibu kwa dawa ya kutiwa mshipani, kila baada ya wiki tatu. Dawa hiyo ilimchosha sana. Alitapika, akashindwa hata kunywa uji. Aliporudi Siyu mara ya pili, alisema hataki tena. Zamu yake nyingine ilikuwa Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa.

Thuwaiba hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alikuwa amesikia kwenye simu yake habari ya watafiti wanaotengeneza chembe ndogo mno kutokana na maganda ya kamba. Chembe hizo, ilisemwa, hubeba dawa ya saratani hadi mapafuni bila kuuchosha mwili. Nyingine huvutwa kwa pumzi.

“Maganda tunayatupa kila siku,” Thuwaiba alijiambia. “Na kufukiza tunajua.”

Baada ya swala ya Ijumaa, aliwasha makaa kwenye chetezo cha udi. Akanyunyiza unga wa maganda juu yake. Bi Mwanamkisi aliinamia chetezo, na binti yake akamfunika shuka ili moshi usipotee.

“Vuta, mama. Vuta kwa nguvu.”

Bi Mwanamkisi alivuta. Kikohozi kilimkamata papo hapo. Alikohoa hadi akashindwa kusema, midomo ikaanza kupauka. Thuwaiba alilitupa shuka, akatoka mbio hadi nyumba ya pili. Bi Huwaida, mfamasia wa hospitali ya mjini Lamu, alikuwa amekuja huko kuwatembelea wazazi wake.

Bi Huwaida aliingia, akatoa chetezo nje, akafungua madirisha yote. Akamkalisha Bi Mwanamkisi wima, mto mgongoni, akamwambia apumue polepole. Pumzi ilirudi kidogo kidogo.

“Mlikuwa mnachoma nini?” aliuliza.

Thuwaiba alimweleza kila kitu. Alimwonyesha hata kitambaa alichochungia unga. “Nimechunga mara nyingi, Bi Huwaida. Ni laini kama poda.”

“Habari uliyoisikia ni ya kweli,” alisema Bi Huwaida. “Lakini umeshika nusu yake. Niambie, mtu akikuletea halua kutoka Lamu, huileta vipi?”

“Kwenye kikapu.”

“Ukikipokea, unakula nini?”

“Halua.”

“Basi wewe umemlisha mama yako kikapu, na unangoja ladha ya halua. Maganda hayaponyi saratani. Ni chombo cha kubebea tu. Dawa ni ile ile inayotoka kwa daktari.”

Bi Mwanamkisi, ingawa alikuwa hoi, alitabasamu. “Na kikapu chenyewe kilikuwa kikiwaka moto,” alisema.

“Lakini kwa nini watumie maganda?” Thuwaiba aliuliza. Hakuwa tayari kushindwa upesi.

“Kwa sababu ni kitu cha asili ambacho mwili unaweza kukivumilia. Huyasafisha maganda kwa tindikali na kemikali nyingine kali, hadi kibaki kitu kimoja safi kinachoitwa kitosani. Wengine hutumia kitu kinachotoka katika mwani. Kisha hutengeneza chembe zake na kutia dawa ndani. Hata unywele wako ni mnene kuliko chembe hiyo mara mamia. Kinu hakiwezi kazi hiyo, wala kitambaa. Unga wako, kwa pafu, ni sawa na mchanga.”

“Na chembe hizo zinasaidia nini?”

“Dawa ikitiwa mshipani huzunguka mwili mzima. Huua saratani, lakini huumiza na sehemu zisizo na ugonjwa. Ndiyo maana mama anatapika. Watafiti wanataka dawa ifungwe, ifike penye uvimbe, ndipo itoke taratibu. Ipo dawa moja ya saratani ya mapafu inayobebwa na protini ya damu, nayo imekwisha kuruhusiwa katika baadhi ya nchi. Hiyo pia hutiwa mshipani hospitalini. Lakini hizi za maganda bado wanazijaribu maabarani na kwa wanyama. Hakuna hospitali itakayokupa leo.”

“Basi tungoje zije,” alisema Bi Mwanamkisi. “Ndia ya Mombasa imenishinda, mwanangu.”

“Saratani haitangoja, Bi Mwanamkisi. Daktari alipokuuliza unaendeleaje, ulimjibu nini?”

“Nilimjibu, alhamdulillahi.”

“Ukanyamaza?”

“Nikanyamaza. Ningemwambia nini tena? Nimlalamikie mgeni?”

Bi Huwaida alivuta kigoda, akaketi karibu naye. “Mshukuru Mwenyezi Mungu, kisha mweleze daktari unapoumia. Shukurani haikatazi kusema kweli. Yeye alisikia kuwa u mzima, akaacha mambo kama yalivyo. Zipo dawa za kuzuia kutapika, na mara nyingine kipimo cha dawa hubadilishwa. Mweleze na habari ya moshi huu pia. Na ukipata homa baada ya matibabu, usikae nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.”

Bi Mwanamkisi alijifuta uso kwa kanga yake. Halafu akamgeukia binti yake.

“Thuwaiba, buibui langu li wapi?”

“Leo, mama? Zamu yako ni Jumatatu.”

“Yeo ulitazame kama ni safi. Jumatatu sitaki kuchelewa.”

Jioni Bwana Gharib alipopewa habari, hakumlaumu mtu. Alizika unga wote wa maganda mbali na nyumba. Paka walimfuata njia nzima. Siku ya pili yake alianza kujenga jiko nje ya ukuta, ili moshi wa kuni usiingie chumbani kwa mgonjwa. Udi nao ulikatazwa. Thuwaiba mwenyewe ndiye aliyewazuia wageni mlangoni wakija na buhuri ya kufukiza.

Jumatatu, mama na binti walikuwa Mombasa. Daktari aliuliza kama kawaida, “Unaendeleaje, mama?”

“Alhamdulillahi,” alisema Bi Mwanamkisi. “Sasa nisikilize, daktari. Nilitapika hadi nikaona nyota. Sikula. Nilivutishwa moshi wa maganda, nikakaribia kufa. Na miguu yanifa ganzi.”

Daktari aliweka kalamu chini, akasikiliza hadi mwisho. Alimpima upya, akabadilisha kipimo, akampa dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kumtia ile kubwa. Safari hiyo Bi Mwanamkisi alichoka, lakini alikula. Safari iliyofuata alikula zaidi. Hakuruka zamu hata moja.

Baada ya miezi kadhaa alipigwa picha ya kifua. Daktari aliinua ile picha kwenye mwanga, akaionyesha kwa kidole. Uvimbe ulikuwa umepungua hadi karibu nusu.

“Haujaisha,” alisema daktari. “Sitaki kukudanganya. Kazi bado ipo.”

Thuwaiba alimshika mama yake mkono. Bi Mwanamkisi aliitazama picha kwa muda mrefu, kama mtu anayemtambua adui kwa sura. Kisha akainuka, akajifunga mtandio wake vizuri.

“Basi niandikie siku ya kurudi,” alisema.