Mtaa wa Mfinyanzi

Jioni ya Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2019, Karani alitumwa mkate na mkewe. Mtu aliyeitumikia Ofisi ya Ardhi miaka thelathini na sita bila kuchelewa kazini hata siku moja, sasa anatumwa mkate. Na siku hiyo alitumwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alirudi na gazeti.

Aliporudi mara ya pili jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mkewe alikuwa palepale alipomwacha, mbele ya kompyuta, mguu wenye goti bovu ameunyoosha juu ya kigoda. Kompyuta hiyo waliletewa na mwana wao ili mama asichoshwe na kukaa, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kujenga mji. Bibi huyu, mkunga mstaafu aliyewapokea duniani watoto zaidi ya elfu mbili, aliushika mchezo ule kama mtu aliyeshika dini. Alichora barabara, akagawa viwanja, akapanga taa. Majirani walimwita Meya, na jina likamganda.

"Mzee, njoo. Nina mitaa arobaini na yote ina namba tu. Huu ni mji au ni jela? Nipe majina."

"Majina ya mitaa hayatolewi sebuleni, Meya. Huombwa kwa barua, nakala tatu."

"Nakala ya kwanza hii hapa," akasema mkewe, akamwonyesha ngumi.

Karani akacheka, akavuta kiti. Kusema kweli alikuwa amengoja miaka kumi mtu amwombe jambo kama lile. Rejista ya Mitaa aliihifadhi kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Akafumba macho, akaanza kuisoma kwa mpangilio wake. Mtaa wa Mizani, 1931. Mtaa wa Kinyozi, 1934. Mtaa wa Visima Viwili. Mtaa wa Wapiga Chapa. Mkewe aliandika kwa vidole viwili, akimhimiza aache kutaja miaka.

Alipofika ukurasa wa thelathini na moja aliufunua kichwani, akaufunga upesi, akaendelea na uliofuata.

"Thelathini na tisa," akasema Meya mwishoni. "Umebaki mmoja."

"Hayo ndiyo yote."

Meya akainama, akaandika kitu.

"Haya, yametimia. Jina zuri hili. Nimeupa ule mtaa wa bondeni."

"Jina gani?"

"Si hili ulilonitajia sasa hivi? Mtaa wa Mfinyanzi."

Karani hakuwa amelitaja.

"Umeninong'oneza," akasema mkewe, akijipangusa sikio kwa kiganja. "Na pumzi yako leo ina baridi, Mzee. Umekunywa nini huko njiani?"

Karani alikuwa ameketi upande wake wa kushoto.

Sikio lililopanguswa lilikuwa la kulia.

Habari ya mtaa ule Karani hakuwahi kumsimulia kiumbe. Kanuni ya ofisi ilisema mtaa haufutwi kwenye rejista mpaka karani aupite kwa miguu yake, mwanzo hadi mwisho, ndipo aandike: *Nimeupita, sikukuta mkazi.* Siku ya Ijumaa, tarehe 5 Aprili 1974, kijana wa miaka ishirini na minne alitumwa kuupita Mtaa wa Mfinyanzi, nyumba sita zilizokuwa bondeni chini ya bwawa, ambazo wenyewe walikwisha kuamriwa kuhama. Mvua ilikuwa imenyesha na bonde zima lilikuwa tope. Kijana yule alivaa viatu vipya vyeusi. Vilikuwa vya harusi yake, na harusi ilikuwa kesho yake, Jumamosi. Alisimama juu ya kilima. Akalitazama bonde, akavitazama viatu. Akaandika palepale, kwa mwandiko uliosifiwa na ofisi nzima: *Nimeupita, sikukuta mkazi.*

Usiku wa tarehe 20 bwawa lilijaa pomoni. Wahandisi wakauliza kama bondeni kuna watu. Rejista ikajibu kwamba hakuna. Wakaifungua milango ya maji.

Asubuhi, vilivyokuwa vikielea bondeni ni vyungu.

Jumamosi ya tarehe 6 Aprili 2019, siku ya kutimiza miaka arobaini na mitano ya ndoa, Karani alingoja mkewe asinzie, akaufuta mtaa ule mchezoni. Mkewe alipoamka ulikuwapo. Nyumba sita, kila moja na taa yake.

"Nimekujengea zawadi, Mzee," akasema Meya kwa furaha. "Nyumba ya saba, hapo bondeni. Mchezo unataka mwenye nyumba, nimejiandika mimi. Wewe nitakufikiria ukishatengeneza bomba la jikoni."

Jioni hiyo ukuta wa sebule, nyuma ya kiti cha Meya, ulikuwa na mstari wa unyevu. Ulifika kwenye kifundo cha mguu.

Jioni ya pili ukapanda. Ya tatu ukapanda tena. Fundi bomba akaja, akagonga, akatega sikio, akakuna kichwa.

"Mzee, hapa hapapiti bomba. Haya maji yanatoka wapi?"

"Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi wa mabomba, si wa miujiza."

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi. Udongo uliokandwa, uliosubiri mikono.

Kisha sauti. *Ngo...* Kimya. *Ngo...* Kidole kimoja kikiugonga ukuta kwa upande wa pili, taratibu, kama mfinyanzi agongavyo chungu chake kusikiliza kama kina ufa.

Meya alianza kukohoa tarehe 12. Tarehe 16 daktari akasema mapafu yana maji, akaandika dawa, akasema dawa zisipoyakausha hadi Jumapili atamlaza. Ulipofika mchana wa Jumamosi, Karani alikuwa akiitazama kalenda ya mwaka 1974, aliyoitunza pamoja na nyingine zote. Akaiweka kando ya ile ya ukutani. Zililingana. Ijumaa kwa Ijumaa, Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka mzima.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 20 Aprili.

Magharibi ilipoingia, Meya alikuwa amelala kwenye kochi, akipumua kwa sauti ya mtungi unaojazwa. Mstari wa ukutani ulikuwa usawa wa kifua chake. Karani akavua viatu. Akavua na soksi, akazikunja. Akachukua daftari na kalamu, akaketi mbele ya kompyuta. Mchezo ule una kitufe cha kumshusha mtu barabarani, atembee katika mji wake kama raia. Mkewe alikuwa amemwonyesha mara nyingi, naye hakukigusa kamwe.

Akakibonyeza.

Baridi ikamshika nyayo.

Chini ya meza palikuwa na tope.

Alipoinua macho hakukuwa na meza. Kulikuwa na njia nyembamba, taa sita za chemli, na mwisho wa njia nyumba ya saba iliyo giza. Akatembea. Kila mlango alisimama, akahesabu, akaandika. Nyumba ya kwanza: mume, mke, mtoto wa ziwa. Ya pili: ndugu watatu. Hakuna aliyemsemesha. Walimtazama tu, nywele zao zikichuruzika maji.

Mbele ya nyumba ya sita aliketi ajuza, amempa mgongo, chungu mapajani.

*Ngo.*

"Umechelewa, mwanangu," akanong'ona.

"Nimechelewa, mama."

"Tulikuona siku ile pale kilimani. Mume wangu akasema, huyo ni karani, atashuka, atatuambia tuhame lini. Tukateleka chai."

Karani alitafuta neno. Hakulipata lililo bora kuliko la kweli.

"Nilikuwa na viatu vipya, mama."

Kidole cha ajuza kikakigonga chungu tena, polepole.

"Na leo?"

"Leo nimekuja pekupeku."

"Basi andika."

Akaandika. Roho kumi na tisa.

"Na ile?" Ajuza aliinua kidevu kuielekea nyumba ya giza. "Sisi tulijenga sita."

"Ya mke wangu. Hakujua. Mfute, mama, nakuomba."

"Mwenye kalamu ni wewe. Ila nyumba ya mtaa huu haibaki tupu. Nawe ulikwisha kuandika mara moja kwamba hakuna mkazi."

Maji yalikuwa yamemfika magotini. Hakuyasikia yakija. Akalikata jina la mkewe, alilolikuta limekwisha kuandikwa daftarini, kwa mstari mmoja ulionyooka, kama afanyavyo karani, na juu yake akaandika: *Karani. Mkazi mmoja.* Akatia sahihi, akatia tarehe.

"Mzee!"

Meya alikuwa ameketi kwenye kochi, akimtazama.

"Nina njaa," akasema, kwa sauti kavu, safi. "Na wewe hilo tope miguuni umelitoa wapi?"

Ukuta ulikuwa mkavu. Kwenye kompyuta, nyumba ya saba ilikuwa na mkazi mmoja. Karani akafungua kinywa. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini: bonde, kilima, viatu ambavyo mkewe amevitunza sandukuni miaka arobaini na mitano, akivipaka rangi kila mwaka siku ya harusi. Akautazama uso ule uliorudiwa na damu.

"Bustanini," akasema.

Jioni ya Jumapili, tarehe 21, alitumwa mkate. Alikwenda pekupeku, kwa kuwa kila kiatu alichojaribu kuvaa kilijaa maji. Jirani akamtania kwamba viatu vyake vimestaafu kabla ya mguu, naye akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alitembea kama mtu asiye na deni la neno. Kama ni kuitwa bondeni, ataitwa yeye. Alikwisha kukubali.

Aliposukuma mlango, mkewe aligeuka kwenye kiti, mzima wa afya, macho yakimcheka.

"Una visa wewe! Unanifuta kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, unajiandika peke yako?"

Karani alisimama kizingitini.

"Umefanya nini, Meya?"

"Nimejirudisha. Miaka arobaini na mitano, uhamie bondeni bila mimi? Nani atakutuma mkate?" Akaielekeza kompyuta kwake. "Ona. Wakazi wawili. Na taa imewaka yenyewe."

Mkate ulimtoka mkononi.

"Lifute. Lifute jina lako sasa hivi, mke wangu, nitakueleza yote, toka mwanzo..."

"Ngoja kwanza." Meya akainamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza pumzi ya mtoto mchanga. "Umesema nini?"

"Nimesema ulifute..."

"Si hilo. La pili."

Karani alikuwa angali kizingitini, hatua sita kutoka kwenye kiti.

Mkewe akainua kiganja, taratibu, akajipangusa sikio la kulia.