Mwanamke wa Oklahoma

—Nani huyo anayekuita mpenzi?

Firas alikuwa upande wa pili wa simu, huko Oklahoma, Amerika. Thuraya, mkewe, alikuwa amesimama sebuleni kwa mama yake, mjini Ibra, Uarabuni, waya wa simu ameuzungusha kidoleni. Alikuwa ameisikia sauti ya mwanamke kwa Kiingereza: mpenzi, chai inapoa.

—Mwenye nyumba wangu, Firas alijibu.

—Na wenye nyumba wote huko huwaita wapangaji wao wapenzi?

—Wallahi, watu wa huku ndivyo wasemavyo. Hata muuza petroli huitwa hivyo.

—Firas, mimi nafundisha Kiingereza. Usinifanye mtoto.

Walifunga ndoa mwaka 2002, lakini harusi ikaahirishwa mpaka Firas amalize masomo yake ya mafuta. Kila siku baada ya Isha, Thuraya na mama yake, Bi Kuruthum, walitazama kwenye dishi mchezo wa nchi nyengine ya Kiarabu, habari ya kijana aliyekwenda kusoma kwa wachunga ng'ombe wa Amerika. Kila mwanamme humo ana kofia pana na bastola. Kila mwanamke ana nywele za dhahabu, ameegemea uzio akimngoja mgeni. Kijana alikuwa ameshamsahau mkewe.

—Unaona? Bi Kuruthum alikuwa akisema. —Huko ndiko aliko mumeo.

Sasa Thuraya akayarudia hayo kwenye simu.

—Ule ni mchezo, alisema Firas. —Mimi hiyo bastola sijaiona. Wanalima ngano, wanakwenda kanisani, wanalala mapema. Na TV yao nayo inawaonesha kuwa sisi ni ngamia na mabomu tu. Darasani hakuna anayekaa karibu yangu. Na wewe sasa umekuwa kama wao.

—Basi niache.

—Nimekusikia, alisema Firas, akakata.

Ijumaa iliyofuata, siku yake ya kupiga simu, hakupiga. Wala ile nyengine. Thuraya akirudi shule huingia chumbani kwake moja kwa moja, na mchezo akamwachia mama yake autazame peke yake. Akamwandikia mumewe kwa simu ya mkononi: "Niambie hata neno moja." Halikuja.

Mwisho akaipiga mwenyewe namba ya nyumba ile. Akapokea mwanamke, sauti ya kizee, maneno anayaburuta.

—Namtaka Firas. Mimi ni mkewe.

—Wewe ndiye Thuraya? Nimefurahi, mpenzi. Ngoja nikae, mpenzi, magoti yangu hayafai tena.

Thuraya akaegemea ukuta. Uso ulimwaka moto kwa haya.

—Yuko wapi, mama?

—Juu. Wiki hii hajakwenda chuoni. Chakula namwekea mlangoni, nakikuta vilevile. Sikukuu yenu ile alivaa kanzu nyeupe, akakaa kwenye ngazi ya mbele kutwa nzima. Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema kwao siku hiyo watu huja. Hakuja mtu. Nikakaa naye mimi.

Akamwita. Hatua zikashuka polepole.

—Thuraya?

—Kwa nini hukuniambia?

—Nikwambie nini? Huko wote mnaniona bwana mkubwa, niko Amerika.

—Lile neno langu nimelirudisha, Firas. Nisamehe.

—Mimi sikulikubali. Nilikuwa nalo tu humu ndani, silali.

Thuraya akakaa chini sakafuni, akaivuta simu mapajani.

—Umekula?

—Bado. Zungumza wewe. Kiswahili chetu cha nyumbani sijakisikia siku nyingi.

—Nizungumze nini?

—Chochote.

Akamwambia mama kapika wali wa nazi, ukaungua chini. Akamwambia majirani, kina Khalaf, wamepaka nyumba yao rangi mbaya ya kijani, na kwamba leo kuna vumbi, Ibra nzima haionekani. Upande wa pili zilisikika pumzi tu.

—Firas, upo?

—Nipo. Endelea.